Kipaza Sauti Kwenye Kiti cha Baba

Wahenga walisema: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Maana yake ni kwamba mtu akipewa kazi ya kuwamba ngoma ya watu wote, mikono yake, hata ikiwa na nia njema, itaivuta ngozi kuelekea pale aliposimama yeye. Wahenga hao hawakuwahi kuona sabufa wala spika tano. Hata hivyo walimjua vizuri sana baba mmoja mkaguzi wa mizani, ingawa alizaliwa baada ya wao kufariki.

Baba huyo alikuwa akizunguka sokoni na mawe yake ya kupimia, na wauza nyama walipomwona walikumbuka dhambi zao zote. "Mimi sina upande," ndilo lililokuwa neno lake. Alilisema hata mezani alipoombwa kusogeza chumvi. Kwa hiyo alipoleta nyumbani redio mpya ya spika tano na sabufa, ya kuizungusha sauti ya runinga sebule nzima, hakuna aliyethubutu kuuliza ni nani atakayeifunga.

Redio hiyo haikununuliwa kwa anasa. Binti yake mkubwa, aliyeitwa Kasuku tangu utotoni kwa kuwa hakuna jambo lililompita bila kulisimulia, alikuwa amepewa mechi ya kutangaza kwenye runinga. Ilikuwa ya majaribio. Akifaulu angeajiriwa, akiboronga angerudi redioni kusoma matangazo ya vitu vilivyopotea. Asubuhi ya mechi aliaga uso ukiwa umekunjamana kama nguo iliyokamuliwa.

"Mkuu wangu anasema nameza mwisho wa sentensi," alisema. "Mimi mwenyewe sijisikii. Nisikilizeni kipindi cha kwanza, nitawapigia mapumzikoni mniambie ukweli. Leo nyinyi ndio masikio yangu."

"Nenda mwanangu," Baba alimjibu. "Ukweli ndio kazi yangu."

Basi Baba akakunja mikono ya shati. Aliweka spika mbili ubavuni mwa runinga, mbili nyuma ya kochi, na ile ya tano, inayobeba sauti ya mtangazaji, akaiweka chini ya runinga katikati. Akachomeka waya kutoka kwenye runinga hadi kwenye amplifaya, mashine inayozigawia spika sauti, akaingia kwenye mipangilio, akaiamuru runinga inyamazishe spika zake yenyewe na kuitoa sauti yote nje. Mpaka hapo hakuna wa kumlaumu. Kisha akatoa kwenye boksi kipaza sauti kidogo kama kizibo cha chupa. Kidude hicho huwekwa mahali msikilizaji atakapokaa. Kila spika hupiga mluzi kwa zamu, nacho husikiliza, halafu amplifaya huipandisha sauti ya spika iliyo mbali na kuishusha ya iliyo karibu, mpaka zote zisikike sawa pale kilipo.

Baba aliitazama sebule nzima, pembe hadi pembe, kwa haki na usawa. Kisha akakiweka kwenye kiti chake.

Kiti chenyewe kilikuwa mbele kabisa, kwa sababu macho ya Baba hayaoni mbali, na kilikaribia kugusana na spika ya mtangazaji. Amplifaya, kwa utiifu wa askari mpya, ikaishusha spika hiyo mpaka ikawa inanong'ona, na kuzipandisha za nyuma mpaka zikanguruma.

"Sawasawa!" Baba alitangaza. "Hata gramu haijazidi."

Mechi ikaanza. Kule kwenye kochi, Mama na Shangazi walivamiwa na uwanja mzima. Mashabiki walipiga mayowe nyuma ya shingo zao, sabufa ikatikisa vikombe kabatini. Mtangazaji hakusikika.

"Mbona mwanangu haongei?" Mama aliuliza.

"Anaongea vizuri tu," Baba alijibu bila kugeuka.

"Anaongea na nani?"

"Na mimi."

Shangazi, dada yake Baba, alikuwa nesi wa wodi ya watoto na hakuogopa kilio wala cheo. Aliinuka, akakinyakua kipaza sauti. "Kaka, sisi huku si binadamu? Hebu lete haki huku."

Akakiweka kwenye pembe ya kochi aliyokaa yeye. Spika zikaanza tena kupiga mluzi, moja baada ya nyingine, na wakati zikipimwa sauti ya mechi ilikatika kabisa. Ilipomalizika, Shangazi alitabasamu kama mtoto aliyelala kitanda cha wageni.

"Wifi," Mama alilalamika kutoka pembe ya pili, "huku napigiwa kelele sikio moja tu, utadhani nina mume upande huu peke yake. Nipe hicho kidude."

Mama naye akapima. Baba akasema sasa pale mbele spika ya mtangazaji inampasua masikio, akakirudisha kwake. Goli la kwanza lilifungwa katikati ya mluzi wa spika ya nyuma. Waliwaona wachezaji wakikumbatiana kimyakimya, kama watu waliopatana msibani.

Filimbi ya mapumziko ilipolia, simu nayo ililia, Baba akaipokea kwa spika ili wote wasikie.

"Baba, haraka, nina dakika chache! Nameza au simezi?"

Hata Baba, ambaye hapo mwanzo alimsikia, hakujua. Alikuwa akisikiliza jinsi spika zinavyolingana, si maneno yanayotoka humo.

"Umependeza sana, mwanangu," Shangazi alijaribu.

"Shangazi, mimi sionekani. Natangaza."

"Sauti imependeza."

"Haya, goli nimelitangazaje?"

Mkaguzi wa mizani alikiri ukweli. "Goli hatukulisikia."

"Kwani mlikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Basi," Kasuku alisema kwa sauti ndogo, "nitaendelea hivyo hivyo." Simu ikakatika.

Mama ndiye aliyesimama. "Sauti moja haiwezi kukalia viti vitatu," alisema. "Lakini makalio matatu yanaweza kukalia kochi moja. Baba Kasuku, hamia huku."

"Kutoka huko sioni."

"Leo hatutazami. Leo tunasikiliza."

Kipaza sauti kikawekwa katikati ya kochi, spika zikapiga mluzi wa mwisho, nao wakajibana wote watatu kama vitabu kwenye mkoba. Katikati, pale pale kilipowekwa kile kidude, alikaa Mama. Baba aliliona hilo, akaliacha lipite. Mkaguzi mzoefu anajua mizani ya kutoigusa.

Kipindi cha pili kilipoanza, sauti ya binti yao ikatokea mbele yao, wazi kama amekaa mkekani. Ilikuwa ikikimbizana na mpira, na mwisho wa kila sentensi ukidondoka njiani.

"Anameza," walisema wote kwa pamoja.

"Tena anameza kama mgonjwa anayeogopa ladha ya dawa," Shangazi aliongeza.

Mama akaandika ujumbe haraka: "Unameza. Pumua mpira ukitoka nje. Tunakusikia." Mpira ulipotoka nje, spika zilileta pumzi moja ndefu. Kuanzia hapo sentensi zilifika mpaka mwisho. Lilipokuja goli la pili, Kasuku alilisimulia tangu pasi ya kwanza hadi wavuni bila kudondosha silabi. Baba, ambaye kutoka pale aliona ukungu wa kijani tu, aliliona goli lote kwa masikio, akaruka na kumkanyaga Shangazi.

Mechi ilipomalizika simu ililia tena. "Nimepata kazi!" Kasuku alipiga kelele. "Mkuu anasema kipindi cha pili nilikuwa mtu mwingine. Ule ujumbe umeniokoa. Ni nani kati yenu aliyegundua kwamba nameza?"

"Mimi!" walijibu Baba, Mama na Shangazi, kwa sauti zilizolingana pande zote za sebule.

Hakika, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.