Mizinga Mitatu ya Kashindye

“Mzinga haukatai mgeni, mwenyewe hukagua.” Jana mliisikia methali hii kwenye kikao cha ukoo, na leo Kabula ameniuliza ilikotoka huku tukichuja asali. Kabula anasomea uuguzi, na anasema ubongo na akili ni kitu kimoja. Sitabishana na mtu aliyeuona ubongo kwenye picha za vitabu. Nitasimulia tu, halafu apime mwenyewe. Mambo yalianza hivi.

Kashindye na mdogo wake Mlekwa walikuwa warina asali. Mizinga yao ya magogo ilitundikwa kwenye miombo, mwendo wa siku moja kutoka hapa. Kila mzinga ulichongwa alama ya mwenyewe: ya Kashindye mistari miwili iliyopishana, ya Mlekwa duara. Mtu hafungui mzinga wenye alama ya mwenzake. Tena hawakupanda peke yao. Mmoja alipopanda, mwingine alibaki chini ameshika kamba na kienge cha moshi.

Mrina huukagua mzinga kila mwezi, kwa sababu mzinga ni gogo lenye tundu. Nyuki akija, ataingia. Nondo akija, ataingia vilevile, atage mayai na kufuma utando mpaka masega yaoze. Gogo halijui kumwambia nondo aondoke. Mwenyewe ndiye hupanda, akafungua kifuniko, akatazama nani amehamia.

Mwaka mmoja Kashindye alivimba mguu, akakaa nyumbani wiki tatu. Jirani akapita kumjulia hali. Katika mazungumzo akasema, “Mizinga yako mitatu ya kule mtoni nimeikuta chini, mitupu. Mlekwa nilipishana naye njiani, kabeba debe mbili.”

Jirani hakusema zaidi ya hayo. Alikunywa uji wake akaenda.

Kashindye alibaki na maneno yale. Siku ya kwanza yalikuwa habari tu. Siku ya tatu alikumbuka kwamba Mlekwa hakuwa amekuja kumwona tangu Jumapili. Siku ya saba alikumbuka mbuzi wa urithi wa baba yao, waliyegawana miaka kumi na mmoja nyuma, na jinsi Mlekwa alivyochukua paja kubwa. Kila jambo la zamani liligeuka shahidi. Mguu ukapona, akatembea vizuri, lakini kule mtoni hakwenda. Alikuwa mtu wa kukagua mizinga kumi na minane bila kuruka hata mmoja, ila neno lile hakulikagua, akaanza kulisema kwa watu. Simlaumu. Mguu ukiuma mtu hujua ni mguu. Fikra ikiuma, mtu hudhani ni ukweli.

Mlekwa alipokuja, alimkuta kaka yake uani anachonga mpini wa shoka.

“Shikamoo kaka.”

Kashindye hakuitikia.

“Nimesikia unasema mimi mwizi,” Mlekwa akasema. “Twende mtoni ukaone mizinga yako.”

“Nimeshaona.”

“Umeona kwa macho gani, na hujafika?”

“Nina kichwa. Kichwa kimenionyesha.”

Mlekwa akachuchumaa, akaokota kipande cha mti kilichodondoka kwenye mpini. “Kichwa nacho ni mzinga, kaka. Kinapokea kila kinachokuja. Wewe mwenyewe umekikagua?”

“Kamfundishe mkeo. Ndiye anayekula asali yangu.”

Mlekwa akakitupa kile kipande. Kisha akasema, “Kesho napanda kule mtoni. Nahitaji mtu wa kushika kamba.”

“Katafute mwizi mwenzako.”

Hayo ndiyo maneno ya mwisho waliyosemezana.

Mlekwa alikwenda peke yake. Siku nne zikapita hajarudi, na wanaume wakatoka kumtafuta. Kashindye alikuwa mbele yao. Walimkuta Mlekwa chini ya mti mrefu karibu na mto, amelala kifudifudi, kamba imezunguka mkono wake. Alikuwa amekwisha kufa.

Pembeni yake palikuwa na mzinga mpya, gome lake bado bichi. Kashindye aliugeuza kutafuta duara la mdogo wake. Akakuta mistari miwili iliyopishana.

Hatua chache kutoka hapo ilikuwepo ile mizinga yake mitatu ya zamani. Magogo yalikuwa yamepasuliwa, na kwenye mbao kulikuwa na mikwaruzo mirefu ya kucha. Hata mtoto wa mrina angeitambua kazi ile. Ilikuwa ya nyegere, yule mnyama mwizi wa asali. Mikwaruzo ilikuwa imeanza kuota ukungu, kwa kuwa ilikuwa pale muda wote, ikimngoja mtu aje aitazame.

Baada ya mazishi, mke wa Mlekwa alimwita Kashindye ndani. Alimwonyesha debe mbili zilizofunikwa kwa kanga.

“Shemeji, hizi ni zako. Ni masega aliyookota baada ya nyegere kuvunja mizinga yako. Alisema zisiguswe mpaka utakapokuja.”

Kashindye alikaa chini sakafuni. Hakulia mbele yake. Aliuliza tu, “Kwa nini hakuniletea?”

“Alipokuja kukuita mtoni ukaone mizinga, hukuitikia salamu yake. Angekuletea asali ungesema amerudisha wizi.”

Ilikuwa kweli, naye alijua ni kweli.

Siku ya kuondoa matanga aliwasimulia watu yote bila kujificha. Akasema, “Kichwa changu hakikukosea. Kilipokea neno, kama gogo linavyopokea nondo. Mimi ndiye sikupanda kutazama.” Watu wakayafupisha maneno yake na ya mdogo wake, yakawa methali.

Kabula, ubongo ni hilo gogo, nami sina ugomvi na vitabu vyako. Akili ni yule anayepanda.

Mlekwa alikuwa baba yangu. Alipokufa nilikuwa na miaka minne. Baba mkubwa ndiye aliyenilea, na kila niliporudi nyumbani na hasira juu ya mtu, alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza swali lilelile: “Umefika mtoni?” Ule mzinga mpya wa baba tuliutundika pamoja nilipokua. Yeye alipanda, mimi nilishika kamba, na hakuniruhusu hata siku moja kuiachia.

Mzinga haukatai mgeni, mwenyewe hukagua.