Mhunzi Asiyeujua Mto

Sifa ya nyundo iko mtoni. Ndivyo alivyosema Mama Mbwambo, msimamizi wa kiwanda cha alizeti, mlipomuuliza kwa nini mashine mpya imefunikwa turubai mchana kweupe na huku watu wanalilia mafuta. Mkacheka. Mkadhani mama wa watu kachanganyikiwa, ninyi mnauliza mashine, yeye anajibu nyundo. Sasa mmenijia mimi, niliyemaliza miaka ishirini na sita nikikaza boliti za mashine ile kuukuu, mnataka niwafumbulie. Haya, vuteni viti. Na wewe mwenye simu, izime, la sivyo nanyamaza. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, jembe la dukani lilipokuwa bado halijafika milima ya Upare, palikuwa na kijiji cha wahunzi kikiitwa Kwasemboja. Mkuu wa wahunzi hao alikuwa Mrindoko, mtu wa kifua kipana na maneno mengi. Jembe lake lilijulikana kwa mlio tu. Ukiligonga kwa kucha, linaitika. Watu wa tambarare walipanda mlima siku mbili wakiswaga mbuzi na kubeba chumvi ili kulipata, na waliporudi kwao walilionyesha kwa majirani kabla hata ya kulitia mpini.

Mrindoko aliyajua hayo, tena aliyapenda. Jioni alikaa mlangoni pa kiwanda chake, nyundo ya babu yake mapajani, akingoja mpita njia amsifu. Asipotokea mpita njia alijisifu mwenyewe, na mkewe Nakiete akimjibu kutoka jikoni, "Tumesikia, baba. Njoo ule."

Chuma cha Kwasemboja hakikutoka kwenye jiwe. Kilitoka kwenye mchanga mweusi, mzito, ulioshushwa na Mto Yongo kila masika. Wanawake wa bondeni waliufukua mchanga huo kwenye kona za mto, wakauosha kwa vyano vya mti mpaka ule mweupe ukaondoka na maji, ukabaki mweusi peke yake. Kisha waliujaza vikapuni, wakaupandisha mlimani na kuumwaga penye jiwe la mpaka, nje ya uwanja wa wahunzi. Ndani hawakuruhusiwa.

Na mhunzi naye hakuruhusiwa kukanyaga mtoni. Huo ulikuwa mwiko wa ukoo, kwamba moto na maji havilali nyumba moja, na mhunzi akilowa miguu katika Yongo tanuru lake litapoa. Kwa hiyo Mrindoko, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa akiusikia mto ule ukivuma kila siku ya maisha yake, lakini hajapata kuuona. Na hakuona haja. Mchanga ulikuja wenyewe, kama kunavyokucha.

Kiongozi wa waosha mchanga aliitwa Namkunda, mjane mrefu mkavu, asiyependa kurudia neno. Kila alipofika kwenye jiwe la mpaka, Mrindoko alichota mchanga kidogo, akausugua kwa vidole, akasema, "Mchafu," hata ukiwa safi. Alidhani ndiyo namna ya mkubwa kupokea mzigo.

Mwaka mmoja, masika yalipopita, Namkunda akamwambia, "Mhunzi, kona ya chini imekwisha. Mchanga uliobaki uko kona ya juu, na huko kuna changarawe ngumu. Majembe yetu yamelika. Tupe machache mapya tukafukue."

Mrindoko akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama, tangu lini mto ukaishiwa mchanga? Majembe mapya yana wenyewe, watu wa tambarare wanakuja na mbuzi. Ninyi fukueni na hayo hayo."

Namkunda alikung'uta kikapu chake, akakiweka kichwani, akashuka zake.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, akaja Semvua, mzee wa watu wa tambarare, na habari nzito. Mchwa na kutu vilikuwa vimewaonea. Mipini imeliwa, majembe yamebaki vipande. Vuli ikiwakuta hivyo hawatalima, na wasipolima watoto watalala njaa.

"Tunataka majembe arobaini kabla ya mvua," akasema Semvua. "Utaweza?"

Kumwuliza Mrindoko kama ataweza! Palepale alishika nyundo, akaigonga fuawe mara tatu mbele ya watu wote. Kwa wahunzi wale hicho ndicho kiapo kikubwa, hakina kurudi nyuma. "Nisipotimiza," akasema, "nyundo hii ifukiwe na tanuru langu livunjwe."

Semvua akashukuru, akashuka. Nakiete akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Baba, umeapa. Mchanga unao?"

"Utakuja."

"Nimekuuliza unao."

"Mwanamke, utakuja!"

Haukuja. Siku ya tatu, ambayo ndiyo ilikuwa zamu ya vikapu, jiwe la mpaka lilibaki tupu. Siku ya sita vilevile. Mafundi walikuwa wamekwisha kuchoma makaa ya kutosha, mivukuto imepakwa mafuta, tanuru limekandikwa upya kwa udongo. Kila kitu tayari, isipokuwa kitu chenyewe. Vijana wa mivukuto wakawa wanacheza bao. Mrindoko akawafokea, kisha akaona hana kazi ya kuwapa.

Siku ya tisa akaja mchuuzi wa tumbaku na habari. Kule upande wa pili wa mlima, kwa Kiangi, tanuru linawaka kutwa.

"Kiangi?" Mrindoko akaruka. "Kiangi yule anayefua majembe kama masikio ya punda?"

"Huyo huyo," akasema mchuuzi. "Mabaya kweli, lakini anayafua."

Usiku huo Mrindoko hakujisifu. Aliitazama nyundo ya babu yake, iliyokuwa imepita mikono mitatu bila aibu, akaiona tayari iko shimoni, na watoto wa ukoo wake wakielekezwa kwa kidole: hao ndio wajukuu wa yule aliyeapa akashindwa. Na kule tambarare, watu wakichimba mashimo ya mbegu kwa vijiti. Moyo ulimuuma kwa yote mawili, na la pili lilimuuma zaidi kuliko alivyotegemea. Asubuhi akavua ndala zake za ngozi, akamwambia Nakiete, "Nashuka mtoni."

"Na mwiko?"

"Tanuru lenyewe limekwisha kupoa, mke wangu. Maji yatalifanya nini tena?"

Nakiete akacheka kwa mara ya kwanza siku zile tisa, akamfungia ndizi za njiani.

Alimkuta Namkunda ndani ya maji mpaka magotini, anatikisa chano. Mrindoko alisimama ukingoni kama mgeni mlangoni. Mto ulikuwa mdogo kuliko alivyodhani. Hilo lilimtisha. Miaka yote alidhani sauti ile ni ya jito kubwa lisilokwisha, kumbe ni kijito kinachopiga kelele juu ya mawe, na mchanga mweusi umejibanza kwenye kona chache tu, ukanda mwembamba usiozidi upana wa mkeka.

"Hodi, mama."

"Karibu, mhunzi. Leo moto umekuja kuoga?"

"Mama, nimeapa majembe arobaini. Sina mchanga. Nipe, nami nitakupa majembe unayoyataka, matano, kumi, ishirini."

Namkunda akanyoosha mgongo. "Kiangi alikuja hapa siku kumi hivi zilizopita. Alishuka mwenyewe, akaingia majini, akauliza mchanga unatoka wapi, unapungua wakati gani, na sisi tunasumbuliwa na nini. Akatuletea majembe kumi na mawili. Mabaya, mipini imepinda. Lakini yanachimba. Nikampa neno langu kwamba mchanga wote ni wake mpaka masika."

"Namkunda, tumefanya kazi pamoja miaka kumi na miwili!"

"Wewe ulifanya kazi miaka kumi na miwili. Sisi tulikuwa tunamwaga mizigo penye jiwe. Hebu niambie, mhunzi, katika miaka hiyo uliwahi kunisalimu?"

Mrindoko akatafuta siku moja, japo moja tu, asiione. "Sikuwahi," akasema. "Na mchanga wako haukuwa mchafu. Ulikuwa safi siku zote. Nilikuwa nasema tu."

"Nilijua," akasema Namkunda, na uso ukamlegea kidogo. "Lakini neno langu siwezi kulirudisha. Ningelirudisha kwa Kiangi leo, kesho ungeniamini wewe?"

"Nisingekuamini."

"Basi. Kaa ule hizo ndizi zako, umechoka."

Akakaa. Karibu naye palikuwa na jembe la Namkunda, lile la zamani. Akalichukua ili apate pa kutazama. Lilikuwa limelika mpaka limebaki kama kiganja cha mtoto. Akalijua, ni kazi ya mkono wake. Akaligonga kwa kucha, bila kufikiri, kama alivyozoea. Likaitika.

Mrindoko akaacha kutafuna. Akaligonga tena. Chuma kilikuwa kilekile, hakijaoza, hakijachuja, kimepungua tu. Akasimama na ndizi mdomoni.

"Mama! Watu wa tambarare wana vipande kama hivi?"

"Nani asiye navyo? Hata mimi nina kingine nyumbani, nazuilia mlango."

Alipanda ule mlima kama kijana anayekwenda kuposa. Siku ileile akafunga safari kwenda kwa Semvua, akafika, akasimama mbele ya wazee wa tambarare, akasema kweli yote. Hana mchanga, aliapa kwa kiburi, na kosa ni lake. "Lakini majembe yangu mabovu mliyoyatupa, nirudishieni. Vipande vitatu vitanipa jembe moja. Nikishindwa, nyundo nitaifukia mwenyewe, hamtanisukuma."

Wazee wakatazamana. Mmoja akanong'ona kwamba kiapo ni kiapo. Semvua akakuna kidevu. "Alituapia majembe," akasema. "Hakutuapia chuma kitoke wapi."

Ikawa kama sikukuu. Vipande vilitoka chini ya vyungu, kwenye vizimba vya kuku, kwenye milango. Bibi mmoja alileta jembe la mahari yake, limebaki ncha, akalilia kidogo kisha akalitia kikapuni. Msururu wa watu ukapanda mlima, na kwa mara ya kwanza Kwasemboja ikapokea vikapu ikasema asante.

Tanuru likawashwa. Mivukuto ikaimba kutwa kucha. Mrindoko alivibandika vipande motoni, akavifua vikashikana, akavinyoosha. Majembe yakapangwa ukutani. Ngurumo ya kwanza ilisikika yakiwa thelathini na manane. La arobaini lilitoka kwenye koleo matone yakigonga paa, na alipolitosa majini lile jembe na ile mvua vikalia pamoja. Semvua, aliyekuwa amesimama mlangoni tangu alfajiri, akapiga kigelegele kama mwanamke, na hakuona haya.

Masika yalipofika, Mrindoko hakungoja vikapu. Alishuka Yongo na majembe mapya, akampa Namkunda la kwanza, kwa mikono miwili. Akakubaliana na Kiangi wagawane kona za mto badala ya kunyang'anyana, akamwonyesha na namna ya kunyoosha mpini, maana aliona aibu kwa niaba yake. Pembeni ya tanuru akachimba shimo, akalijengea paa, akaweka mchanga wa mwaka mmoja mbele. Wanawake wakamwonyesha kijito kingine nyuma ya kilima, kidogo lakini cheusi, ambacho walikuwa wakikijua siku zote. Hakuna aliyewauliza. Na jembe bovu halikutupwa tena, lilirudi kwa aliyelifua.

Wazee wa ukoo walinung'unika kuhusu mwiko. Mrindoko akawaacha wanung'unike, kisha akauweka mwingine. Tangu hapo, kijana wa Kwasemboja asiyewahi kuosha mchanga masika mazima, akiwa chini ya amri ya Namkunda, hakuruhusiwa kugusa nyundo. Na Namkunda alipokea chano cha kila kijana, akausugua mchanga kwa vidole, akasema, "Mchafu." Mrindoko akisikia hayo alicheka mpaka machozi.

Siku moja wageni wa mbali walifika, wakalishika jembe, wakaligonga, wakashangaa. "Mzee," wakasema, "nyundo hii ina sifa!"

Zamani angejaa kifua. Sasa alikuwa ameketi, tope la Yongo limemkaukia miguuni, amechoka vizuri, na Nakiete anamletea maji ya kunawa. Akaelekeza kidevu bondeni, kunakotoka sauti za wanawake wanaoimba wakitikisa vyano.

"Mmekosea njia," akasema. "Mkitaka kusifu, shukeni kule."

Wageni wakashuka kweli, wakamsalimu Namkunda.

Haya, mmeelewa? Ile mashine mpya ina meno ya kusaga gunia kwa dakika, nimeiona, ni nzuri mno. Mwenye kiwanda, aliyeinunua, alipiga picha nayo. Lakini mwaka huo wakulima walipoomba mbegu na magunia, aliwaambia alizeti itakuja tu. Leo malori ya watu wengine ndiyo yanapita kijijini kwetu kuichukua alizeti hiyo, na mashine haina cha kukamua. Mama Mbwambo keshaliona hilo. Juzi nilimkuta njiani, viatu mkononi, tope mpaka magotini, anatoka mashambani kusalimia watu. Kwa hiyo mtakapoona turubai limefunuliwa, msikimbilie kuitazama mashine.

Sifa ya nyundo iko mtoni.