Jina Moja kwenye Mkeka wa Bi Mize

Hapo zamani, au labda ni usingizini tu, palikuwa na mji ambao watu wake waliweza kuingia ndani ya mwili wa mtu kama mnavyoingia nyinyi chumbani. Msiniulize kwa mlango gani. Anayetaka kuujua alale kwanza.

Katika mji huo Bi Mize alisuka mikeka ya ukindu. Siku moja vidole vyake vikavimba, vikawaka moto. Askari wa mwili wake, wale wanaopigana na maradhi, walikuwa wakiupiga mwili wenyewe, na adui hakuwepo. Bi Mize akasema, "Atakayenirudishia mikono yangu, nitamsukia mkeka wenye jina lake." Na kwao mkeka wa shukrani hubeba jina moja, likiingia la pili, haupokelewi.

Akaingia Mshamu, mtazamaji. Akapita nyama, akapita damu, akafika ndani kabisa, kwenye kiini cha seli. Huko akakuta kitasa kimekaa kimya. Kikifunguliwa, askari huamriwa kuweka silaha chini. Mshamu akakigandisha kikawa kama chembe ya chumvi, akakimulika, akachora kila tundu. Alichora siku mia.

Hidaya, mchonga funguo, akaupokea mchoro. Akachonga ufunguo mdogo kuliko vumbi, wa kumezwa kwa maji. Ukaingia sawasawa katika matundu ya mchoro.

"Usimpe Bi Mize kwanza," akasema Makungu, mkwezi wa minazi, ambaye magoti yake nayo yalikuwa yamevimba. "Nipe mimi. Yeye ana watoto wanaomtegemea."

Akameza. Uvimbe ukaisha, akacheka. Kumbe ufunguo ulikuwa na jino moja la ziada, na jino lile lilifungua kitasa kingine, cha mifupa. Mifupa ya Makungu ikadhoofika, akawa anavunjika kwa kuteleza tu. Hakupanda mnazi tena. Hidaya akalia sana, kisha akachonga ufunguo wa pili bila lile jino. Ufunguo huo wa pili ndio alioumeza Bi Mize, na vidole vyake vikapoa taratibu, kama chai iliyosahauliwa.

Akasuka mpaka akafika mahali pa jina. Wakaja wote watatu.

Mshamu akasema, "Bila mchoro wangu, Hidaya angechonga gizani."

Hidaya akasema, "Mchoro haumponyi mtu. Na kile kitasa cha mifupa ulikiona, Mshamu, ukanyamaza."

"Nilikiona. Wewe ulikuwa na haraka, hukuniuliza."

Makungu akakaa chini polepole, ameshika kiuno. "Mimi sijui kuchora wala kuchonga. Lakini lile jino mlilijua kwa mifupa yangu. Sasa minazi naitazama kutoka chini."

Bi Mize akawaonea huruma wote watatu, na huruma haikumsaidia kuchagua. Ukindu uko mkononi, vidole havimuumi hata kidogo, nao wanamngoja.

Haya, nyinyi mliokaa hapo: mngekuwa Bi Mize, mngesuka jina la nani?