Mlango Uliomwinamisha Mtemi

Hapo zamani, zamani ambazo hata bibi zenu walizisikia tu, aliishi Usukumani mchoraji aitwaye Mihambo. Wenzake walichora simba na mashujaa. Yeye alichora mwiko, ungo na chungu. Watu wakamcheka: "Nyumbani chungu, ukutani chungu! Tutakula picha?" Kicheko kilimuuma. Mtemi alipowaita wachoraji washindane kupamba kuta za baraza lake jipya, Mihambo akaapa: "Nikishindwa, nashika jembe. Sichori tena."

Akafagia jiko lao, akavipanga vyombo vikapendeza, kisha akalichora lile jiko barazani. Mkewe Nyanzala alipomletea uji, akaitazama picha, akaguna.

"Baba Luhende, humu nani anapika? Jiko halina mwenyewe hili!"

Akamrudisha nyumbani, akavirudisha vyombo kama anavyoviacha yeye: mwiko juu ya chungu, kata mtungini, ungo umeegemea ukuta. Akamkwangulia na masizi ya kutilia weusi. Mihambo akafuta, akachora upya, na safari hii akaanza na mlango wa jiko.

Mlango wenyewe ulikuwa mfupi. Zamani Mihambo aliwahi kujigonga paji la uso hapo, akachukua shoka aupanue. Mama yake, Bi Holo, akasimama kizingitini: "Nimeujenga mimi! Anayeingia jikoni kwangu ainame, awe nani awe nani!" Shoka likarudi lilikotoka.

Siku ikafika. Mtemi akawapita simba, akawapita mashujaa, shingo wima, maana mtemi hamwinamii mtu. Alipofika kwenye mlango wa Mihambo, huyo, akainama aingie! Paji likagonga ukuta: ko!

 Mtemi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Basi vigelegele vikapasua baraza, na Mihambo akalia kwa furaha mbele ya wale wale waliomcheka.

"Aliyeniinamisha akae kando yangu," mtemi akasema, akavuta kigoda kimoja.

Mihambo akapiga hatua. Nyanzala, aliyekuja na mama mkwe wake, akamshika shuka: "Ungemwinamisha kwa lile jiko lisilo na mwenyewe?"

Bi Holo naye: "Na mlango ungeuvunja, mwanangu, angeinamia nini?"

"Lakini mkono uliochora ni huu," akajibu Mihambo, "na aliyechekwa ni mimi!"

Kigoda ni kimoja, na mtemi bado anapapasa paji lake, anangoja. Haya, nyie mnaonitazama tu: je, nani alistahili kukikalia?