Barua Moja ya Dawati la Nyuma

Sogeeni. Wewe mwenye miguu mirefu, ikunje, wenzako wapate mahali. Anayetafuna muwa na ateme, hadithi hii haitaki kelele za meno. Kimya. Hapana, zaidi ya hapo. Haya.

Palikuwa na wasichana watatu katika mji mdogo wa Makomeni, kule milimani ambako ukungu huingia darasani pamoja na wanafunzi. Wa kwanza aliitwa Kadeghe, binti wa mjane. Huyo alikuwa na kichwa. Jambo akilisikia mara moja, halimtoki tena.

Wa pili aliitwa Nakundwa, binti wa fundi cherehani. Huyo hakukosa siku. Mvua inyeshe, homa ipande, shuleni yuko, na kila kilichoandikwa ubaoni amekinakili mpaka nukta, ingawa kichwani hakikuingia hata kidogo.

Wa tatu aliitwa Nietiwe, na mama yake alipika pombe nyuma ya soko. Huyo alikuwa na ngozi. Alipopigwa hakulia.

Siku ya darasa la kwanza waliingia watoto arobaini na wawili, na madawati yalikuwa kumi na manne. Hawa watatu walichelewa, wakapewa dawati la nyuma, lililovunjika mguu na kuegemezwa tofali. Mwalimu mkuu, Mwalimu Kibacha, akawatazama kama mtu anayetazama mboga zilizolala.

"Mtoto wa mjane, mtoto wa vitambaa, mtoto wa pombe," akasema. "Dawati hili halitatoa mtu."

Darasa zima likacheka. Watoto wa miaka saba hucheka wakiona mkubwa anataka wacheke.

Shuleni kwa Mwalimu Kibacha hapakuwa na mwanafunzi, palikuwa na dawati. Mmoja akikosa, dawati limekosa. Adhabu ilikuwa fimbo tatu kwa kila mmoja, yaani tisa kwa dawati, na wenyewe waliamua nani azipokee. "Mimi sijali mkono ni wa nani," alikuwa akisema, "mradi tisa zitimie."

Mara ya kwanza Kadeghe alichelewa kwa sababu ya kumwosha mama yake, ambaye kifua kilikuwa kimemlaza kitandani. Tisa. Kadeghe akaificha mikono kwapani. Nakundwa akajikojolea pale pale alipokaa. Nietiwe akawatazama wote wawili, akasimama, akanyoosha mkono.

Mchana walikutana kwenye tangi la maji. Nietiwe alikuwa ameuzamisha mkono ndani ya ndoo.

"Unauma?" Nakundwa akauliza.

"Uweke wako uone."

"Dawati letu litatoa mtu," Kadeghe akasema, huku analia. "Tuape."

Wakaapa. Dawati letu litatoa mtu. Hawakusema mtu gani. Walikuwa wameshafundishwa kuhesabu kwa madawati, na hakuna aliyekumbuka kwamba dawati halipandi basi kwenda sekondari.

Basi miaka ikaenda. Kila Kadeghe alipochelewa, Nietiwe alisimama. Kila Nakundwa aliposhindwa hesabu, Nietiwe alisimama. Darasa la pili, la tatu, la nne. Wenzao walimwita Ngozi ya Ng'ombe, naye akacheka nao, maana angefanya nini? Darasa la tano, Mwalimu Kibacha alikuja na ufito mpya wa mti wa kahawa. Fimbo ya saba ikatua kwenye vidole vya Nietiwe, vikalia kama kuni kavu. Mwalimu akasikia. Akamalizia ya nane na ya tisa.

Mama yake Nietiwe alivifunga vidole kwa kitambaa na chumvi. Viwili vikapona vimepinda, na kutoka siku hiyo kalamu ilimtoka mkononi kama kambare. Akijaribu mkono wa kushoto, Mwalimu Kibacha anauliza, "Kwenu mnakula kwa mkono huo?" Naye Nietiwe alikuwa anaweza kusoma, msidhani. Kisomo chake kilikuwa kizuri. Kilikosa mahali pa kutokea.

Darasa la sita, Kadeghe alifutwa. Mwalimu mkuu alihesabu siku alizokosa, akalipiga jina lake mstari kabla orodha ya watakaofanya mtihani haijapelekwa wilayani. "Nenda ukaoshe maiti yako," akamwambia, na mama mtu alikuwa bado hai.

Ndipo Nakundwa akaanza kunakili kila somo mara mbili, daftari lake na daftari la Kadeghe. Kila jioni alipanda kilima kumpelekea. Hakuelewa alichobeba, lakini hakuangusha hata neno moja. Kadeghe alisoma akiwa amemwegemeza mama yake kifuani, anageuza karatasi kwa kidevu.

Mtihani wa darasa la saba ukafika. Kati ya wale arobaini na wawili walikuwa wamebaki kumi na tisa. Nakundwa akawaambia wenzake, "Mimi nikiingia nitaandika upuuzi. Jina langu liko kwenye orodha. Kadeghe, ingia nalo."

Wasimamizi walitoka shule nyingine, sura za watoto hawakuzijua. Kadeghe akavaa sare ya Nakundwa, akaketi penye namba ya Nakundwa.

Nakundwa mwenyewe ilimbidi asionekane na mtu. Alijificha ndani ya kihenge cha mahindi siku mbili, asubuhi mpaka jioni, magoti kidevuni. Siku ya pili panya alimtafuna kidole cha mguu, naye akauma kanga na kunyamaza, maana nje wanawake wa jirani walikuwa wanatwanga. Na alijua anachokitoa. Jina likishafanya mtihani limeshafanya, halina mara ya pili.

Kadeghe, kabla ya kuondoka, alimwekea mama yake uji karibu na mto. Siku ya kwanza alirudi akakuta umenywewa. Siku ya pili alikuta uji umeganda, na mwili wa mama umepoa zamani. Majirani wakasema alikuwa akiita. Waliona aibu kuingia kwa mtu bila kukaribishwa, wakadhani binti yumo.

Nietiwe naye alikuwa ndani ya chumba cha mtihani siku hiyo ya pili, anapigana na kalamu yake. Majibu aliyajua. Alikuwa ameandika nusu ya karatasi, herufi kubwa kama za mtoto, lakini zilisomeka. Mwalimu Kibacha akaingia na birika la chai ya wasimamizi. Akapita mstari wa kwanza, akapita wa pili, akaanza kuinama kumtazama msichana mwenye sare ya Nakundwa.

Nietiwe aliitazama karatasi yake, nusu nzima. Akachana kipande cha karatasi ya kufanyia hesabu, akakitia mdomoni, akatafuna kwa nguvu ili asikike.

"Huyu anameza majibu!" msimamizi akapiga kelele.

Mwalimu Kibacha aliliacha birika, akamrukia. Akamtoa kwa sikio mpaka uwanjani, na huko hazikuhesabiwa tisa. Karatasi yake ilipigwa mstari mwekundu toka juu mpaka chini. Ndani, Kadeghe akamaliza hesabu zake.

Siku ya mahafali, Nietiwe aliyatazama kutoka nje ya ua wa minyaa, maana alikuwa amefukuzwa. Kadeghe alisimama kando yake, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Nakundwa akaitwa mbele, akapigiwa vigelegele.

Baadaye barua ikaja. Shule nzima ilipata nafasi moja ya sekondari, nayo ilikuwa ya Nakundwa binti Senkondo. Mwalimu Kibacha akasimama sokoni, akawaambia watu, "Nimetoa msichana! Mimi!"

Watatu walikutana kwa Kadeghe, barua imelala juu ya kitanda kitupu. Jumatatu basi linaondoka.

"Imeandikwa jina langu," Nakundwa akasema. "Ni jina la bibi yangu mzaa baba. Baba ameshashona sare."

"Jina lako lingekaa pale peke yake, lingejua saba mara nane?" Kadeghe akauliza.

"Na kichwa chako kingekaa wapi, Kadeghe? Juu ya mbuzi? Ulikuwa hupo shuleni mwaka mzima. Nani alikupandishia masomo huku?"

"Mimi nimemwua mama yangu kwa ajili ya karatasi hii."

"Nani alikutuma umwache?"

Nietiwe alidhani watamkumbuka. Alingoja, akangoja, mwisho akasema, "Na mimi je?"

Wote wawili wakamgeukia. Kadeghe ndiye aliyejibu. "Wewe kalamu huwezi kushika, mwenzangu. Utakwenda kufanya nini huko?"

Nietiwe akaunyoosha ule mkono, kama alivyokuwa akiunyoosha mbele ya Mwalimu.

"Kila tisa," akasema, "tatu zilikuwa zangu. Sita zenu. Kidole hiki ni cha nani? Na hiki je? Semeni nani anachukua kipi."

Hakuna aliyechukua. Hapo wakashikana nywele.

Jumatatu mmoja alipanda basi. Nikimtaja mtasema ndiye aliyestahili, kwa sababu tu alikwenda, kwa hiyo simtaji. Alichobaki nacho kila mmoja nitawaambia. Kadeghe alirithi kitanda cha mama yake na mbuzi wawili. Nakundwa alirithi cherehani. Nietiwe alirithi chungu cha pombe na wateja wake. Na Mwalimu Kibacha, mji ulimrithisha sifa, akazikwa nazo.

Sasa ni juu yenu. Mmoja alitoa jina lisilorudi. Mmoja alitoa kichwa, na mama akafa anaita. Mmoja alitoa mkono, kisha akatoa na nusu karatasi aliyoiandika kwa mkono huo. Barua ni moja na basi linanguruma. Wewe uliyekunja miguu, anza wewe: ungemkabidhi nani?