Theluthi Mbili

Kaeni vizuri, na anayetaka hadithi ya kuishia harusini aondoke mapema, maana hii haina harusi. Ina watu watatu na kisanduku kimoja kwenye karatasi.

Watu hao walifanya kazi kwenye shirika la maji la mji fulani, na mji siutaji. Kazi yao ilikuwa kuitunza programu mama, ile inayoziangalia kompyuta zote za shirika, kuanzia ya mapokezi hadi zinazowasha pampu. Mzee Shekiondo alikuwa na kichwa kisichosahau: kila kompyuta aliijua iko wapi na iliharibika lini. Faki alikuwa mtu wa kujaribu. Kitu hakiamini mpaka akiguse mara kumi. Mwantumu kipaji chake kilikuwa kupanga: kipi kitangulie, kipi kifuate, na mambo yakiharibika mrudi kwa njia ipi.

Basi programu mama ikazeeka. Walioiunda wakatangaza kwamba toleo lile hawatalihudumia tena. Lazima liwekwe jipya, na wakikosea, mji mzima unaamka na ndoo tupu.

Mwantumu akaandika mpango, ukarudishwa na mkurugenzi. Akaandika tena, ukarudishwa tena: "Faida haionekani." Mara ya tatu akamwuliza Mzee kazi ya mikono inawachukua saa ngapi kwa wiki. Mzee akazitaja zote bila kukosea. Akamwomba Faki apime toleo jipya litaokoa kiasi gani. Faki akapima, akarudia kupima. Ndipo Mwantumu akaandika kwenye ukurasa wa pili: "Toleo jipya litapunguza kazi ya mikono kwa theluthi mbili." Mpango ukapitishwa siku hiyo hiyo. Wakafurahi, maskini, wakaagiza sambusa.

Siku wakaichagua Ijumaa mchana, ofisi ikiwa tupu watu wakiwa msikitini.

Kabla ya siku hiyo, programu ilizihesabu kompyuta, ikapata mia nne na kumi na moja. Mzee akatikisa kichwa. "Mmeisahau moja, wanangu. Iko kabatini, kwenye tangi la Mkorosini. Tuliifungia humo mwaka wa mafuriko." Wakaenda, wakaikuta imejaa vumbi na inafanya kazi, nayo ndiyo inayofungua maji ya hospitali. Bila Mzee, wodi zingekauka.

Faki alilijaribu toleo jipya kwenye kompyuta ya pembeni mara kumi na moja. Mara kumi lilimdanganya. Ile ya mwisho akaligundua: lilikuwa likifuta ratiba za pampu kimyakimya! Akazinakili zote pembeni. Bila Faki, pampu zisingejua saa ya kuwaka.

Na Mwantumu aliandika hatua arobaini na moja, kila hatua na njia yake ya kurudi. Siku yenyewe, hatua ya ishirini na tatu, kila kitu kikaganda. Hotuba ya Ijumaa ilisikika dirishani, muda unayoyoma.

"Tumekwisha, dada," Faki akasema.

"Hatujaisha. Rudi ishirini na moja, fuata nilivyoandika."

Wakarudi, wakaanza upya, ikapita. Bila Mwantumu, wangebaki kutazamana. Watu waliporudi na kofia zao mkononi, maji yalikuwa yakitoka kama jana, na hakuna aliyejua kama kulikuwa na jambo.

Alhamisi iliyofuata mkurugenzi akawaita. "Hongereni sana," akasema, halafu akafungua ukurasa wa pili. "Theluthi mbili. Nanyi mko watatu."

Mwantumu akausogeza ukurasa karibu, akaisoma tena sentensi yake.

"Sisemi mimi, inasema karatasi yenu. Fomu ya kufungia kazi ina kisanduku kimoja: msimamizi wa mfumo. Wewe ndiye mpangaji, Mwantumu. Andika jina la mmoja atakayebaki, uniletee Jumatatu. Ikija tupu, kazi tunaipa kampuni ya nje, nanyi nyote kwaherini."

Wakarudi ofisini kwao. Chai ikapoa hakuna aliyeigusa.

"Mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu," Mzee akasema. "Nani ataniajiri na mvi hizi? Niandike mimi, binti yangu."

"Na ukistaafu, Mzee, hicho kichwa si unaondoka nacho?" Faki akadakia. "Mimi nimeikosa Ijumaa kwa ajili ya mtambo huu. Mke wangu ana mimba ya miezi minane. Niandike mimi."

Mwantumu aliigeuzageuza fomu mezani. Mama yake alikuwa akisafishwa figo mara mbili kwa wiki, na bima ilikuwa ya kazi hii. Alitaka kuandika jina lake mwenyewe, akaona aibu kulitaka.

"Sema basi, dada! Unataka kujiandika."

Hakukataa. Mzee akainuka taratibu, akaenda kusimama dirishani, akawapa mgongo.

Sasa ni Jumatatu asubuhi. Mwantumu ana fomu mezani na kalamu mkononi. Kila hatua aliiwekea njia ya kurudi, isipokuwa ile sentensi ya ukurasa wa pili.

Msiniambie wapige kura: walipiga, kila mtu akajipa yake. Msiniambie wamwombe mkurugenzi: walimwomba, akawaonyesha karatasi. Na yule wa nyuma anayetaka kisanduku kiachwe kitupu, akumbuke kwamba wote watatu watatoka. Waliuokoa mji pamoja, na kamba ya kujinyonga waliisokota pamoja: mmoja alihesabu, mmoja alipima, mmoja aliandika.

Haya, kalamu hiyo, shika wewe. Ungeandika jina la nani?