Fimbo ya Kivuli

Hapo zamani, na sisemi zamani zile za wanyama kuongea, nasema zamani za juzijuzi, nilipokuwa bado nikisimama naviona vidole vya miguu yangu bila kuinama, palikuwa na shule chini ya Mlima Meru. Ilikuwa shule ya kimataifa ya mtaala wa Kiingereza. Mtihani unatungwa Uingereza, unasahihishwa Uingereza, lakini mvua ni ya Meru na matope ni ya Meru. Watoto walitoka kila upande: huyu wazazi wake wamekuja kikazi kutoka Denmark, yule kutoka Korea, mwingine kwao ni hapo hapo nyuma ya uzio, penye migomba na kahawa. Wakigombana waligombana kwa lugha nyingi. Wakicheka, walicheka kwa moja.

Niliipenda shule ile, nasema wazi. Nilikuwa nimefundisha Muscat, nikafundisha Lusaka, nikagandia Aberdeen mpaka masharubu yakawa kama barafu ya friji, na popote pale sikuona mtoto wa mkurugenzi akifundishwa kufunga hema na mtoto wa muuza ndizi, tena akifokewa akikosea.

Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wao wa Kiswahili. Shekiondo, mtu wa Tanga, mwili wa kukaa, sauti ya geti lisilotiwa grisi.

Sasa, shule ile ilikuwa na desturi. Kila mwaka wanafunzi wakubwa hupelekwa mlimani kwa vikundi vidogo. Wanabeba hema lao, chakula chao, ramani yao na dira yao. Simu inafungwa kwenye mfuko, haifunguliwi ila kwa hatari. Na nyuma yao, mbali, anakuja mwalimu mmoja. Haonekani, hasemi, hasaidii. Wakipotea, anapotea nao. Mwalimu huyo huitwa Kivuli. Na sheria kubwa ni hii: kikundi hakigeuki nyuma kumtafuta Kivuli. Kikigeuka, kimefeli, na beji ya safari hakuna.

Safari ikiisha, Kivuli husimama mbele ya shule nzima na kumkabidhi mwanafunzi mmoja fimbo ya mzeituni wa porini. Jina lake huchomwa juu ya fimbo kwa chuma cha moto, na mwaka mzima yeye ndiye anayetangulia shule kuingia ukumbini. Jina moja kwa mwaka. Halijawahi kuchomwa la pili.

Mwaka ule Kivuli nilikuwa mimi. Msinicheke. Mwalimu wa michezo aliumwa mgongo, na Madam Pritchard, mwalimu mkuu wetu, mama wa Wales ambaye huwezi kumkatalia jambo akiwa ameshika kikombe cha chai, alinitazama toka juu hadi chini akasema, "Mwalimu Shekiondo, utafaa. Kivuli kipana kidogo, lakini utafaa."

Nikapewa kikundi cha watatu.

Wa kwanza Jagruti, binti wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Mpole, haongei mpaka aulizwe, na akiulizwa wenzake humjibia. Wa pili Imogen, Mwingereza mzaliwa wa Arusha, wazazi wake madaktari wa mifugo. Kiswahili chake cha sokoni, Kiingereza chake cha sokoni. Muhula ukiisha, familia ilikuwa inahamia Uingereza, nchi aliyoijua kwa Krismasi tu. Wa tatu Elirehema Kaaya, wa nyuma ya uzio, ambaye bibi yake alikuwa akitupungia mkono akichuma kahawa kila tulipocheza mpira.

Siku ya kwanza tulikwenda vizuri. Wao mbele, mimi nyuma, nikiimba. Ndiyo, Kivuli hasemi, lakini hakuna sheria inayosema haimbi, na mimi nikipanda kilima bila kuimba pumzi inaniishia. Niliimba nyimbo za dansi za ujana wangu, nikaimba mpaka ndege wakahama.

Siku ya pili ukungu ukashuka. Watoto siwaoni, njia siioni, naimba tu. Mara nikahisi kitu gotini. Kikapanda. Kikauma. Siafu! Jamani, mnawajua siafu? Mtu mzima, mwenye shahada, nilirukaruka huku nimeshika mkanda wa suruali, nikarudi nyuma hatua, nikarudi nyingine, na nyuma hapakuwa na ardhi. Nikabingirika hadi chini ya korongo. Nimewahi kuanguka kwenye theluji Aberdeen, nimewahi kuanguka toka juu ya ngamia Salala. Katika kuanguka nina uzoefu. Ila safari hii jiwe kubwa lilinifuata, likatua juu ya mguu wangu. Begi lenye filimbi na redio ya kuitia msaada likabaki juu. Na huko mlimani mvua ilikuwa inanyesha, maji yakaanza kuja korongoni. Yalikuja kifundoni. Yakaja kiunoni. Nilipiga kelele, lakini maji yalinizidi sauti, na mnajua sauti yangu ilivyo.

Yaliyofuata nilisimuliwa na wote watatu, kwa pamoja, wakikatizana.

Jagruti alisimama njiani. "Haimbi," akasema.

"Nani?"

"Mwalimu. Hajaimba tangu tulipovuka mfereji."

"Tumshukuru Mungu," akasema Imogen. "Twende."

"Atakuwa amelala," akasema Elirehema. "Mimi nimekaa darasani kwake, namjua."

"Akichoka ndiyo huimba zaidi. Turudi."

Imogen akamshika mkono. "Jagru, usitufanyie hivyo. Kijiji tunachokwenda kile pale, nasikia majogoo. Tukigeuka tumefeli. Ninyi mna mwaka mwingine, mimi sina!"

"Basi feli na mimi," akasema Jagruti, yule ambaye wenzake humjibia. "Mimi narudi."

Akageuka. Elirehema akageuka. Imogen akapiga teke jiwe, akageuka.

Walirudi mpaka karibu na mfereji, na hapo vijia vya ng'ombe viligawanyika huku na huku ndani ya ukungu. Jagruti akakimbilia huku akiita, Elirehema akakimbilia kule akiita. Imogen, aliyekuwa bado amenuna, akapaza sauti: "Simameni hapo hapo! Mnataka nitafute watu watatu?" Akapiga magoti kwenye matope, akakunjua ramani. "Mara ya mwisho tulimsikia tukiwa kwenye jiwe jeupe kando ya mfereji, mkono wa kushoto. Huku kushoto kuna korongo. Yuko hapa." Akaweka kidole. Akashika dira, akatangulia, hafuati njia, anakata vichaka, wenzake nyuma wakishikana mabegi. Wakatokea ukingoni, na chini yao, ndani ya maji, kipara changu kinang'aa.

Wakafungua mfuko wa simu. Mtandao hakuna. Maji yalikuwa yamefika kifuani.

Walikuwa wamefundishwa, tena mimi nikiwepo: mtu akiwa majini, usishuke, tafuta msaada. Elirehema alitazama maji, akavua begi, akaunga kamba za hema, akafunga ncha moja kwenye mti na nyingine kiunoni kwake. Akashuka. Alipofika karibu yangu, maji yakimpiga mbavuni, mnajua alisema nini?

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Toka hapa! Utakufa!"

"Hapa si darasani, Mwalimu. Nyamaza kidogo."

Akapitisha gogo chini ya jiwe, akalilalia kwa mwili wote. Jiwe likainuka kiasi cha mguu kutoka. Akanivisha kamba ile, na wasichana wakanivuta toka juu kama wanaopoa ng'ombe kisimani, mmoja akilia, mwingine akitukana kwa lugha ya sokoni. Yeye akapanda nyuma akinisukuma. Sikuinua kichwa kusahihisha Kiswahili cha mtu.

Hospitalini mguu uliovunjika wakautia plasta ngumu. Madam Pritchard akaja na chupa yake ya chai, akatugawia, akasema, "Kivuli aliye chini ya jiwe si Kivuli tena. Hawakuvunja sheria. Beji wote watatu watapata." Watoto wakashangilia mpaka nesi akaja. "Lakini fimbo," akasema, "ni jina moja. Ijumaa, Mwalimu, utamtaja wewe."

Madam akatoka. Imogen akasema, "Tusijifanye. Kila mtu anaitaka. Tuseme mbele yake."

"Anza wewe basi," akasema Elirehema, "si ndiwe mwenye mdomo."

Imogen akasema: "Kwenye ukungu ule mngemtafuta hadi leo. Nani alijua alipo? Mimi. Ndiyo, nilikataa kurudi, lakini nilirudi. Nakwenda nchi ambayo watu wananiuliza nimetoka wapi. Nataka jina langu libaki mahali nilipotoka."

Elirehema akasema: "Kujua alipo si kumtoa. Nani aliingia majini? Mimi. Mtasema nilivunja mafunzo. Ningeyafuata, leo tungekuwa msibani Tanga tunakula pilau. Halafu, Mwalimu, fimbo hiyo imekatwa kwenye mlima wetu. Isome toka juu hadi chini. Jina la mtu wa mlima huu halimo."

Ikabaki zamu ya Jagruti. Imogen akafungua mdomo amjibie, Jagruti akainua mkono.

"Niacheni niseme mwenyewe. Mimi naogopa mahali pa juu. Sikushuka, na ramani siijui vizuri. Lakini ninyi wawili mlikuwa mnakwenda kijijini. Ramani ilikuwa inakwenda kijijini. Nguvu zilikuwa zinakwenda kijijini. Maisha yangu yote nasema neno na watu wanaendelea na safari. Siku ile nilisema, mkageuka. Nisingesema, je?"

 Na mimi, niliyewasahihishia insha miaka yote ile, sikuwa na pa kuweka alama.

Ijumaa ikafika. Ukumbi umejaa, wazazi wa kila rangi ya pasipoti wamekaa, bibi yake Elirehema yuko mbele na kanga mpya, wazazi wa Imogen wameshafunga nusu ya nyumba kwenye maboksi, baba yake Jagruti kafunga duka mchana, jambo ambalo mjini lilizungumzwa kuliko kuanguka kwangu. Nikapanda jukwaani na plasta yangu, nimeiegemea fimbo ile ile, maana magongo niliyasahau kwenye gari. Nikiitoa, naanguka. Hilo nalo watoto waliliona: wakasimama wote watatu bila kuitwa, wakaja chini ya jukwaa, mikono imenyooka, si ya kupokea fimbo, ni ya kunidaka.

Madam Pritchard akaweka kikombe chini. "Jina, Mwalimu."

Bila Jagruti, hakuna ambaye angegeuka. Bila Imogen, hakuna ambaye angenikuta. Bila Elirehema, wangenikuta na wangenitazama tu nikienda na maji. Nikafungua mdomo nimtaje.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msitazame dari. Fimbo ni moja, chuma kiko motoni, na mguu wangu unachoka. Je, nimtaje nani?